Tromboni Iliyo Ukutani kwa Mjomba

Sydney
11 Februari 1982

Mdogo wangu Lesieli,

Salamu nitazitoa mwishoni, nikikumbuka. Leo imetimia miaka minne tangu tumzike baba yangu.

Siku ile wewe ulikuwa nyuma jikoni na wenzako, huenda hukuona vizuri. Shangazi Kalolaine alisimama mbele ya watu na mkasi akanikata nywele. Sawa, hiyo ni haki yake kwa watoto wa kaka yake, kichwa nilikitoa mwenyewe. Halafu akaitazama tromboni ya Baba niliyokuwa nimeipakata, akamwita mwanawe Hopoate, akasema, "Ichukue, ni ya mjomba wako." Ikaondolewa mapajani mwangu na mazishi yakaendelea.

Najua. Mtoto wa dada mtu huchukua atakacho nyumbani kwa mjomba wake, hiyo tumezaliwa tukaikuta. Hata Baba angekuwa hai angempa kwa mikono miwili huku anatabasamu. Lakini Baba hakumfundisha Hopoate. Alinifundisha mimi, kila jioni baada ya kulisha nguruwe, tangu nina miaka saba, nimesimama juu ya sanduku na mkono haufiki mwisho wa bomba. Hopoate wakati huo alikuwa anapiga ngoma kubwa, na hata hiyo alikuwa anaichelewesha.

Hapa chuoni sijambo. Nilifika nasoma muziki kwa namba zetu zinazoanzia tatu, wenzangu wanasoma vidoti kwenye mistari. Sasa navisoma kuliko wao. Mwalimu wangu, Bwana Hallam, anasema nina pumzi ya watu wawili. Kwenye okestra kazi kubwa ya mpiga tromboni ni kukaa kimya. Unahesabu mapigo mia mbili wenye fidla wakijidai, halafu unapewa manane ya kwako, na ukikosea hayo manane ukumbi mzima umekusikia. Alhamisi nakwenda kwenye baa moja ya Newtown kupiga jazi na wazee watatu, huko hakuna kusubiri. Mzee Desmond wa saksafoni aliniuliza nani kaniudhi hivyo. Nikamwambia binamu yangu. Akasema nisiache kuudhika.

Sasa sikiliza. Nataka uniangalizie tromboni ile. Iko wapi, nani anaishika, inatiwa mafuta au imeachwa ishike kutu. Siku moja nitaichukua mikononi mwa Hopoate watu wakiona, kama nilivyochukuliwa mimi watu wakiona. Sitaki nyingine. Ninayopigia hapa ni ya chuo na ni nzuri kuliko ile mara kumi, lakini siitaki.

Msalimie Mjomba, baba yako.

Latai

*

Faleono, Vava'u
20 Machi 1982

Dada Latai,

Tuko hai. Naanza na hilo maana najua redio za huko zimewatisha. Kimbunga kimechukua paa la kanisa, migomba yote, na choo cha mchungaji, ambacho kimeonekana kwenye shamba la Vainikolo kikiwa kizima na mlango umefungwa. Watu wamecheka hadi wakalia, halafu wengine wakalia kweli.

Nyumba ya Shangazi yako Kalolaine imebaki nguzo. Yetu haikuguswa kwa sababu ni ya matofali, na Baba sasa anatembea kijijini kama aliyeyafyatua mwenyewe, wakati fundi alikuwa mwingine. Kwa hiyo vyombo vyote vya bendi ya baba yako vimeletwa kwetu. Ngoma kubwa iko chini ya kitanda changu. Na ile uliyoniuliza iko ukutani sebuleni, imetundikwa juu ya redio, haina kutu.

Hopoate mwenyewe anakuja kila alasiri kuifanyia mazoezi. Mama anampa chakula maana kwao hakuna jiko. Mimi simsemeshi, kwa ajili yako. Namwekea chai mezani, nageuka naondoka, na mlango naufunga kwa nguvu kidogo ili ajue. Jana aliniuliza kama mlango una kasoro, auangalie. Nikamwambia kasoro haiko mlangoni.

Wako mtiifu,
Lesieli

*

Sydney
6 Juni 1982

Lesieli,

Barua yako nimeisoma mara nne. Hasa pale uliposema iko ukutani kwenu. Usiniulize kwa nini, lakini hapo ilipo panafaa sana. Wakitaka kuirudisha kwao, waambie kwao kuna unyevu, waambie mchwa, waambie lolote. Ikae kwa Mjomba.

Na ule mlango usiubamize, utaharibu bawaba za watu. Mwache apige. Ila niambie anapigaje. Ule wimbo wa Pasaka, pale Baba alipokuwa anashuka polepole wanawake wakaanza kupangusa macho, yeye anashukaje? Anateremka au anaanguka?

Mimi nimeambiwa nijaribu nafasi ya okestra ya mji. Wanatusikiliza tukiwa nyuma ya pazia, wasijue nani anapuliza, eti ndiyo haki. Bwana Hallam ananishindisha kwenye sehemu moja ya mistari sita tangu Aprili. Alhamisi natoka huko nimebanwa kifua, naingia kwa kina Desmond naachia yote. Wa chuoni wananiambia jazi itaniharibia midomo, na wa baa wananiambia okestra itaniharibia roho. Nimewaambia wote wanyamaze.

Latai

*

Faleono
14 Novemba 1982

Dada Latai,

Samahani nimechelewa kujibu. Viazi vikuu vya mwaka huu vimetoka vidogo. Nguruwe wetu mweusi amezaa tisa, wawili wamekufa. Paa la kanisa limerudishwa, na kwaya imeanza tena, sauti ya tatu bado wanavuta nyuma.

Uliniuliza anapigaje. Si mbaya kama tulivyokuwa tunasema. Ule mshuko anauchukua taratibu, anasema alikuwa anausikiliza kila Jumapili akiwa nyuma na ngoma yake, ndiyo maana alikuwa anachelewa. Juzi alipiga peke yake hapa sebuleni na Mama akaacha kukuna nazi.

Aliniuliza habari zako. Nikamwambia unaendelea.

Hivi, Dada, mtu akipokea alichopewa na mama yake mbele ya watu, angeweza kufanya nini? Nauliza tu.

Lesieli

*

Sydney
9 Januari 1983

Lesieli,

Mtu anayeuliza tu haandiki nguruwe tisa kwanza. Barua zako zilikuwa kurasa nne na kila ukurasa unanichekesha, sasa napata nusu karatasi na hali ya viazi. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nausikia msemo huo nikidhani unawahusu wengine. Kama kuna jambo, liseme. Nikilisikia kwa watu wa kanisa letu hapa Sydney kabla yako, sitakusamehe.

Nafasi nimeipata. Tulipiga watu thelathini na mmoja nyuma ya pazia. Walipolivuta nikawaona wale waheshimiwa watano wakinitazama, msichana wa Kitonga na mkeka wetu wa heshima kiunoni, nilikuwa nimeuvaa makusudi. Mmoja aligeuza karatasi yake kuhakikisha namba. Nilizifurahia zile nyuso, nakuambia kweli, nilizila kama keki. Niliona jinsi inavyokuwa kumrudishia mtu kitu mbele ya wenzake, na sasa nataka kubwa zaidi.

Latai

*

Faleono
2 Mei 1983

Dada Latai,

Nalisema. Naolewa na Hopoate, Jumamosi ya pili ya Agosti.

Nilianza kwa kumchukia kwa ajili yako, kila siku saa tisa alasiri, na kumchukia mtu kila siku saa ile ile kunakufanya umngoje. Sina maelezo mengine. Nilificha kwa sababu nakuogopa na kwa sababu nakupenda.

Sasa nisikilize na wewe. Mama yako alikuwa dada mkubwa wa Baba. Kwenye harusi yangu anayekaa juu yetu wote ni wewe, wala si Shangazi Kalolaine wala mchungaji. Mkeka wa juu ni wako, nguruwe wa kwanza anawekwa mbele yako, vitambaa vyote vitakunjuliwa miguuni pako na utachukua upendacho. Mama mkwe wangu atakaa chini ya macho yako mbele ya kijiji kizima. Nimekaa nikafikiri, nikasema hicho kitamtosha. Njoo ukae pale, utazame, halafu yaishe.

Karamu itakuwa hapa nyumbani kwetu. Hopoate amesema atanipigia ule wimbo wa baba yako, kwa heshima yake. Bendi nzima itanyamaza isipokuwa yeye.

Lesieli

*

Sydney
23 Mei 1983

Mpenzi Lesieli,

Hongera. Nitakuja. Nitaomba ruhusa okestrani, na wazee wa Alhamisi watanisamehe.

Mwambie Mjomba asihangaike kunitafutia zawadi. Nitachagua mwenyewe.

Latai

*

Faleono
4 Septemba 1983

Latai,

Uliondoka na ndege ya Jumatatu bila kuaga, kwa hiyo nakuandikia uliyoyafanya, usije ukajisimulia vingine.

Ulikaa juu ya mkeka saa tatu nzima. Watu wanasema hawajamwona mgeni wa heshima mpole kama yule. Ulikataa vitambaa, ulikataa mikeka, nguruwe wako ukawagawia watoto. Baba alikuwa analia kwa furaha. Mimi nilikunong'oneza asante na wewe ukanishika shavu.

Hopoate akasimama, akaitoa tromboni ukutani, bendi ikanyamaza. Akaiweka mdomoni. Ndipo ukanyoosha mkono. Hukupandisha sauti. Ulisema, "Hiyo nimeikuta nyumbani kwa mjomba wangu. Naichukua."

Nilidhani unatania. Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka peke yangu. Halafu nikamwona Shangazi Kalolaine ananyanyuka, na akakumbuka yuko nyumbani kwa nani na siku hiyo nani amekaa wapi. Akarudi chini. Wangeiacha kwenye nguzo za nyumba yao hata ikanyeshewa, usingeweza kuigusa. Waliileta wenyewe chini ya paa la mjomba wako, na mimi ndiye niliyekuandikia kwamba iko juu ya redio.

Mume wangu alikuja kwa magoti akakupa kwa mikono miwili. Uliipokea kwa mmoja.

Tangu siku ile hajapuliza chombo. Wamempa tarumbeta la mtu, kalikataa. Kwenye mkutano mkuu wa kanisa bendi yetu ilipiga na sehemu yake ikaachwa wazi, watu wa vijiji vingine wanatuangalia. Irudishe, Latai. Sikuombi kwa ajili yake. Ilikuwa harusi yangu.

Lesieli

*

Sydney
16 Oktoba 1983

Lesieli,

Mwosha huoshwa. Nilipopakwa aibu mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na baba yangu alikuwa hajafunikwa udongo, na hakuna aliyeandika barua. Mkuki mtamu kwa nguruwe, kwenu umekuwa mchungu.

Unaniambia ilikuwa harusi yako. Na yale yalikuwa mazishi ya nani? Nilikuonya useme mapema. Ulikaa miezi unanywa chai na mtu yule, huku unaniandikia nguruwe.

Sirudishi. Naipiga hapa kila siku, okestrani na kwenye jazi, na kila mtu anauliza nimeipata wapi tromboni yenye sauti ile. Iko kwa mwenyewe, imetulia.

Mwambie mumeo arudi kwenye ngoma.

Latai

*

Faleono
12 Februari 1984

Latai, mtoto wa kaka yangu,

Anayeandika ni Lesieli. Macho yangu yana ukungu, sioni hata mkono wangu, kwa hiyo nasema na yeye anaandika. Nimemwambia asipunguze neno.

Mchungaji wa Sydney alikuja kututembelea Krismasi. Anasema tromboni ya kaka yangu iko chini ya kitanda chako, ndani ya sanduku, na juu yake umeweka viatu. Anasema uliipeleka kwenye okestra mara moja na ukarudi nayo. Ukaipeleka kwa wazee wako wa baa na huko pia ukarudi nayo.

Ningekuambia, kama ungeniuliza. Vyombo vyetu vyote vilikuja pamoja, meli moja, kutoka bendi ya mji wa migodi iliyokuwa inanunua vipya. Vimetengenezwa kwa sauti ya zamani, iko juu kuliko ya vyombo vya siku hizi. Hata ukilivuta bomba dogo la kupatanisha sauti mpaka ukomo wake, tromboni ile haishuki ikalingana na wengine. Vyenyewe kwa vyenyewe vinapatana. Kaka yangu alilijua hilo siku ya kwanza. Ile haiwezi kupiga na mtu yeyote duniani isipokuwa na watu wa Faleono.

Wewe ulikuwa unaondoka. Una miaka kumi na sita na kila mtu anakuona uko njiani, mwalimu wa shule ameshaandika barua Sydney. Hopoate alikuwa anabaki. Ningekuacha nayo ungeibeba, na bendi ya kaka yangu ingebaki na pengo, kama ilivyo sasa. Sikukueleza. Shangazi haelezi. Labda hilo ndilo kosa langu, na nimelifikiria sana tangu giza hili lianze.

Nilipoichukua kwako nilimpa mtu akaipiga kila Jumapili. Wewe umeichukua ukaiwekea viatu.

Naweza kukuamuru uirudishe. Neno moja, na ungepanda ndege. Sitaamuru. Ulikaa juu ya mkeka ukachukua kwa haki, nami niliitetea haki hiyo maisha yangu yote, sitaivunja kwa sababu safari hii imeniuma mimi. Kaa nayo.

Shangazi yako,
Kalolaine

*

Sydney
18 Machi 1984

Shangazi yangu mheshimiwa,

Nakuandikia nikijua Lesieli ndiye atakayekusomea. Lesieli, msomee yote.

Ni kweli iko chini ya kitanda. Viatu nimeviondoa. Niliipeleka mazoezini siku ya pili tu baada ya kufika, nimejidai, na kwenye noti ya kwanza okestra nzima ikageuka. Bwana Hallam alijaribu kuivuta, akaipima, akasema njia pekee ni kukata bomba na kuunga jingine. Nikamnyang'anya. Mzee Desmond alisema labda sote tupandishe juu tumfuate binti, wakajaribu, saksafoni ikalia kama mbwa. Walicheka. Mimi sikucheka. Na Lesieli nilimdanganya kwamba naipiga.

Shangazi, bado nina hasira na wewe. Siwezi kukuficha. Ungenieleza siku ile, hata kwa kunong'ona, hata jikoni baada ya watu kuondoka, ningelia na ningeelewa. Miaka sita nimepuliza hasira hiyo mpaka ikanipatia kazi, na sasa sijui nikiitoa nitabaki na pumzi gani.

Nyumbani ninapokuwa peke yangu naitoa na kupiga ule wimbo wa Pasaka. Peke yake inapiga vizuri. Naufika ule mshuko wa Baba na nasikia pale ambapo wengine wangeingia, na hawaingii.

Siwezi kuirudisha mwenyewe. Nimejaribu, nimefika mpaka ofisi ya ndege na sanduku mkononi. Nikawaona watu wa Faleono wamejipanga njiani wakisema huyo anairudisha, kashindwa, na mkono niliomnyooshea Hopoate ukakataa kusaini tiketi. Nililifanya jambo lile mbele ya kijiji kizima na siwezi kulifuta kwa mkono ule ule. Lakini wewe ukitamka sina la kujibu, wala hakuna wa kunicheka, atacheka vipi mtu aliyetii shangazi yake? Nitaibeba Pasaka hii hii. Nitamkabidhi Hopoate kwa magoti.

Niamuru, Shangazi.

Latai

*

Faleono
8 Aprili 1984

Latai,

Barua yako imefika Jumatano. Nilimsomea Mama mkwe siku hiyo hiyo alasiri, tumekaa sebuleni kwa Baba chini ya ule msumari mtupu. Nilimsomea ya viatu, ya Bwana Hallam, ya saksafoni, akacheka kidogo. Nilimsomea kwamba bado una hasira naye, akaitika, akasema ni haki yako. Nilimsomea kwamba ungeelewa kama angekunong'oneza, akaniomba nirudie, nikarudia. Nilimsomea kwamba unapiga peke yako na wengine hawaingii. Hapo aligeuza uso ukutani. Angekuamuru, Latai. Nilimwona. Alikuwa anangoja kitu kidogo tu cha kumpa sababu.

Kilichofuata sikukisoma.

Mimi ni bibi harusi aliyecheka peke yake mbele ya kijiji akidhani binamu yake anatania. Nalala na mtu anayechezesha mkono wa kulia usingizini, anavuta bomba ambalo halipo. Hukuniomba radhi, si katika barua ya Oktoba wala katika hii. Jina langu umelitaja ili nimsomee. Ukitaka kuirudisha, ibebe mwenyewe, kwa mkono ule ule, wapite wanaokucheka na mimi nikiwa wa kwanza mlangoni. Amri hupati. Kila barua utakayoandika kuiomba itapitia kwangu.

Mama aliuliza, "Ndiyo mwisho huo?"

Nikamwambia ndiyo, hapo ameweka jina lake.

Lesieli